India, Mtaa kwa Mtaa

Ratiba nyingi za safari ya India zinafanana. Msafiri anatua Delhi, anakwenda Agra kuona Taj Mahal, anapita Jaipur kwenye majumba yenye rangi ya waridi, kisha anapanda ndege kwenda Mumbai, Kerala au Varanasi, na baada ya majuma mawili anarudi kwao akiwa ameona miji sita au saba. Hoja iliyo nyuma ya ratiba hiyo inaeleweka. Hii ni nchi ya watu zaidi ya bilioni 1.4, majimbo 28, na lugha 22 zilizotajwa katika jedwali la katiba peke yake; basi anayetaka kuonja utofauti wake lazima ahame sana, kila siku chache mji mpya. Mimi nashikilia kinyume chake. Utofauti mkubwa wa India umo ndani ya mji mmoja, baina ya mtaa na mtaa, na anayehamahama kila siku tatu huishia kuona nchi yenye sura moja zaidi kuliko anayechagua miji miwili na kuitembea kwa miguu. Mwenye haraka hukutana na vitu vilevile kila anakoshuka: kituo cha treni, hoteli iliyo karibu nacho, ngome, hekalu au msikiti mashuhuri, duka la vitambaa, na mwongoza wageni anayesimulia habari za mfalme mmoja. Mfalme hubadilika, simulizi haibadiliki.

Dhana kwamba kila mji wa India una utamaduni wake mmoja haikuzuliwa na kampuni za utalii. Ina historia, tena ya heshima. Baada ya uhuru wa 1947, wasemaji wa Kitelugu walitaka jimbo lao, na Potti Sriramulu akafa kwa kufunga kula mwezi Desemba 1952 akilidai. Mwaka uliofuata jimbo la Andhra likaundwa, na mwaka 1956 sheria ikapanga upya ramani ya nchi kwa kufuata lugha. Bombay ilikuwa kazi ngumu zaidi, maana wasemaji wa Kimarathi waliuhesabu mji kuwa wao, na fedha nyingi za mji zilikuwa mikononi mwa Wagujarati. Zaidi ya watu mia moja waliuawa katika harakati hizo kabla ya tarehe 1 Mei 1960, siku ambayo jimbo la Bombay liligawanywa kuwa Maharashtra na Gujarat, na mji ukabaki Maharashtra. Majina yakafuata: Bombay ikawa Mumbai mwaka 1995, Madras ikawa Chennai mwaka 1996, Calcutta ikawa Kolkata mwaka 2001. Siipingi kazi hiyo. Mkulima aliyeweza hatimaye kusoma barua ya serikali kwa lugha ya mama yake alipata haki iliyokuwa imecheleweshwa mno. Lakini msafiri hurithi ramani hiyo bila kuihoji, akafika Kolkata kuwatafuta Wabengali, Chennai kuwatafuta Watamil, na Mumbai kuwatafuta Wamarathi, na akishawapata huona amemaliza.

Tuuchukue mji wa Mumbai, kwa kuwa ndio ulioleta mgogoro mkubwa kuliko yote. Hapo awali palikuwa visiwa saba vya wavuvi wa Kikoli, ambao vijiji vyao bado vipo, vimebanwa na maghorofa pembezoni mwa bahari. Wareno walivitoa visiwa hivyo mwaka 1661 kama mahari ya binti yao, Catherine wa Braganza, alipoozwa kwa Charles II wa Uingereza, na mwaka 1668 mfalme akavikodisha kwa Kampuni ya India Mashariki. Kampuni ilihitaji wafanyabiashara, ikawaita kwa kuwaahidi uhuru wa dini zao. Ndivyo walivyoingia Waparsi, Mabohora, Makhoja, Mabaniani, na baadaye Wayahudi wa Baghdad wa ukoo wa Sassoon. Matokeo yake yanaonekana katika jambo moja ambalo ramani ya majimbo haiwezi kulieleza: Mumbai Samachar, gazeti lililoanza mwaka 1822 na linalohesabiwa kuwa kongwe kuliko yote yanayoendelea kuchapwa barani Asia, lilianzishwa na Mparsi, huandikwa kwa Kigujarati, na hutoka katika mji mkuu wa jimbo la Wamarathi.

Msomaji wa Zanzibar, Mombasa au Dar es Salaam akifika Bhendi Bazaar atawatambua watu kabla hajasoma kibao chochote. Kofia nyeupe zenye ukingo wa dhahabu na vazi la rida la rangi za kupendeza ndivyo anavyoviona nyumbani karibu na misikiti ya Mabohora. Hapo ndipo lilipo Raudat Tahera, kaburi la Syedna Taher Saifuddin, ambalo kuta zake kwa ndani zimeandikwa Kurani yote kwa maandishi ya dhahabu. Sehemu kubwa ya mtaa huo wa zamani inavunjwa na kujengwa upya kwa minara ya ghorofa, hivyo anayetaka kuziona nyumba za roshani za mbao asikawie. Kutoka hapo, vituo vichache tu vya treni ya mjini vinampeleka Matunga, mtaa uliokaliwa na Watamil na watu wa Karnataka, ambako migahawa isiyopika nyama huuza dosa na kahawa ya maziwa kwenye vikombe vya chuma, na wauza maua hufuma mashada ya asumini kwa namna ya kusini. Mbele kidogo tu ni Dharavi, ambayo wageni huonyeshwa kama bango la umaskini. Ukiingia kwa utulivu unakuta kwamba nayo ina mitaa ndani ya mitaa: wafinyanzi wenye asili ya Saurashtra katika Gujarat wanachoma vyungu Kumbharwada, watengeneza ngozi walitoka Tamil Nadu, na wadarizi wengi ni watu wa Uttar Pradesh. Haya yote yamo katika safari isiyogharimu hata nauli ya teksi kwenda uwanja wa ndege.

Kolkata inathibitisha jambo hilohilo kwa njia nyingine. Ilikuwa makao makuu ya utawala wa Waingereza mpaka mwaka 1911 ilipoamuliwa makao yahamie Delhi, na mji wa serikali na bandari huvuta kila aina ya mtu. Kanisa la Waarmenia lilijengwa mwaka 1724. Sinagogi la Magen David ni la mwaka 1884, na kwa miaka mingi Waislamu ndio waliolitunza, kwa kuwa Wayahudi wenyewe wamebaki wachache mno. Burrabazar, soko la jumla lenye msongamano wa kutisha, lina Wamarwari wenye asili ya Rajasthan. Tiretta Bazaar asubuhi na mapema huuzwa supu na maandazi ya mvuke ya Wachina, na kule Tangra Wachina wa Kihakka waliendesha viwanda vya ngozi kwa vizazi kadhaa. Habari yao haipaswi kusimuliwa kama ya chakula tu. Vita vya India na China vilipozuka mwaka 1962, Wachina wapatao elfu tatu, wengi wao raia waliozaliwa India, walikusanywa na kufungwa katika kambi ya Deoli, Rajasthan, baadhi kwa miaka. Waliotoka walikuta mali zimepotea, na wengi wakahamia Kanada. Anayekunywa supu ya Tiretta Bazaar bila kulijua hilo ameonja nusu tu ya mtaa.

Kisha kuna Metiabruz, ukingoni mwa mto Hooghly, ambako Wajid Ali Shah, mtawala wa mwisho wa Awadh, aliishi uhamishoni baada ya Waingereza kumnyang'anya ufalme wake mwaka 1856. Alikuja na wapishi, washonaji, wanamuziki na washairi wa Lucknow. Biriani ya Kolkata yenye mbatata ndani inanasibishwa na jiko lake, na msomaji wa pwani ya Afrika Mashariki, ambaye naye haoni ajabu mbatata kwenye biriani, atakaa mezani pale kama mtu wa nyumbani. Washonaji wake ndio chimbuko la biashara kubwa ya nguo zilizoshonwa inayoendelea Metiabruz hadi leo. Basi katika mji unaoitwa moyo wa Wabengali kuna kipande cha Lucknow, kipande cha Guangdong walikotoka Wahakka, kipande cha Rajasthan na kipande cha Isfahan walikotoka Waarmenia. Wabengali wenyewe, pamoja na sikukuu yao ya Durga Puja ambayo UNESCO iliiorodhesha mwaka 2021, wanastahili majuma kadhaa ya msafiri. Ninachosema ni kwamba wao ni sehemu ya mji.

Mji ambao ningetaka kila Mswahili auone ni Hyderabad. Kwa juu unaonekana kuwa na hadithi mbili: Charminar ya mwaka 1591, iliyojengwa na Muhammad Quli Qutb Shah, na upande wa magharibi minara ya vioo ya kampuni za kompyuta. Katikati ya hadithi hizo imeachwa ya tatu, nayo inatuhusu. Watawala wake waliojulikana kama Nizam walikuwa na majeshi yaliyoajiri wageni, na miongoni mwao walikuwamo Waarabu wa Hadhramaut na Waafrika. Wahadhrami walikaa kusini mwa mji mkongwe, mahali paitwapo Barkas, ambapo mpaka leo wazee huvaa msuli, vyakula vya Kiarabu hupikwa mitaani, na hariis huliwa asubuhi, ile ile ambayo Unguja na Mombasa tunaiita bokoboko. Ukoo wa Qu'aiti ulipata mali na nguvu katika utumishi wa Nizam, na kwa mali hiyo ukajenga usultani uliotawala Mukalla na Shihr, bandari zilezile walikotoka mababu wa Washihiri wa Lamu, Mombasa na Zanzibar. Ndugu wa ukoo mmoja waligawanyika, mmoja akafuata mshahara wa Deccan, mwingine akafuata pepo za kaskazi hadi Afrika. Waafrika nao walikuwa na kikosi chao cha wapanda farasi, na mtaa walimokaa unaitwa AC Guards, kwa herufi za jina la kikosi hicho. Vizazi vyao, Wasidi, wapo hapo, na ngoma zao hupigwa kwenye harusi za mji. Utawala wa Nizam ulikwisha Septemba 1948 jeshi la India lilipoingia. Vikosi vikavunjwa, mishahara ikakatika, mitaa ikabaki.

Hizi si ajali tatu. Sababu ya mitaa hiyo kudumu inaweza kuelezwa. Bandari, majeshi ya wafalme, viwanda na ukimbizi vilileta watu kwa makundi, kundi zima likitoka wilaya moja au ukoo mmoja. Delhi inaonyesha ukimbizi: Lajpat Nagar ilijengewa Wapunjabi waliokimbia mgawanyiko wa 1947, na Chittaranjan Park ikagawiwa waliopoteza makazi Bengali ya Mashariki, ndiyo maana hadi leo samaki wa mto na peremende za Kibengali hupatikana humo kwa wingi. Wakishafika, watu hawa walioana wao kwa wao, wakajenga nyumba zinazomilikiwa na wakfu wa jumuiya, shule ya jumuiya, zahanati ya jumuiya, mahali pa kuzikia au kuchomea maiti. Taasisi ndizo zinazoushika mtaa. Anayetaka kuusoma mtaa wa Kihindi aanze na vibao vya nyumba za wakfu na tarehe zilizochongwa juu ya milango, na hilo ni somo rahisi kwa aliyekulia karibu na Uhindini ya mji wowote wa Afrika Mashariki.

Hapa ndipo pingamizi zito linapoingia, na silitaki lipite kwa maneno laini. Atasema mtu: hayo unayoyaita utofauti ni kuta. Watu wametengana kwa sababu walitengwa, au kwa sababu waliogopana. Ni kweli kwa sehemu kubwa. Baada ya msikiti wa Babri kubomolewa kule Ayodhya tarehe 6 Desemba 1992, ghasia za Mumbai ziliua watu wapatao 900, na maelfu ya Waislamu wakahamia Mumbra, nje ya mji, kutafuta usalama wa wingi. Ahmedabad, mji ulioanzishwa mwaka 1411 na ambao mitaa yake mikongwe ya pol ilisaidia kuufanya Urithi wa Dunia mwaka 2017, ulipata mauaji makubwa mwaka 2002. Juhapura, mtaa wa Waislamu, ulifurika watu waliokimbia, na sheria ya Gujarat inayodai kibali cha serikali kabla mtu hajauza nyumba katika maeneo yaliyotajwa kuwa ya machafuko imesaidia kuzifanya kuta hizo kuwa ngumu zaidi. Mwaka 2005 Mahakama ya Juu ya India ilikubali kwamba chama cha nyumba cha Waparsi mjini Ahmedabad kinaweza kuwazuia wasio Waparsi kujiunga. Na katika miji mingi Mwislamu, Mdalit (mtu wa matabaka yaliyoitwa najisi), au mtu anayekula nyama hunyimwa chumba cha kupanga bila aibu yoyote.

Sidai kwamba mambo haya ni mazuri. Nadai kwamba msafiri wa haraka hawezi hata kuyaona. Aliyelala usiku mmoja Ahmedabad anaondoka na picha ya dirisha la mawe la msikiti wa Sidi Saiyyed uliojengwa mwaka 1573, lile lenye mti uliochongwa kwa ustadi wa ajabu, na pengine hata hakuambiwa kwamba aliyeujenga msikiti huo alikuwa mtu wa asili ya Kihabeshi. Aliyekaa majuma mawili anatembea kutoka kwenye msikiti huo hadi kwenye pol za Wajaini, anavuka mto Sabarmati, anafika Juhapura, na barabara zenyewe zinamweleza jinsi huduma zinavyobadilika: lami, taa, mabomba, benki. Mtaa unaofunguka na mtaa uliofungiwa vinaweza kufanana kwenye picha. Tofauti yao hujulikana kwa kuuliza nani anaweza kuhamia hapa, nani anaweza kuhama, na nani aliondoka mwaka gani. Maswali hayo yanahitaji muda na watu wa kuyajibu, na watu hawamjibu mgeni wa saa mbili.

Mwafrika ana sababu yake ya ziada ya kuuliza. Mei 2016 kijana mmoja wa Kongo alipigwa hadi kufa Delhi, na mabalozi wa nchi za Afrika wakalalamika kwa sauti moja. Mwaka uliofuata wanafunzi wa Kinigeria walishambuliwa Greater Noida. Nchi ambamo mtumwa mzaliwa wa Uhabeshi, Malik Ambar, alipanda hadi kuwa mtawala wa kweli wa Ahmadnagar na kuanzisha mji wa Khadki, uliojulikana baadaye kama Aurangabad, ndiyo hiyohiyo ambamo ngozi nyeusi inaweza kumhatarisha mtu mtaani. Yote mawili ni kweli. Msafiri kutoka kwetu ayajue yote mawili kabla ya kukata tiketi, azungumze na wanafunzi Waafrika walioko huko, na achague mitaa kwa ushauri wao.

Pingamizi la pili ni la wanaosema India halisi iko vijijini. Gandhi aliishikilia imani hiyo maisha yake yote, na sensa ya 2011 ilikuta asilimia 31 tu ya watu wakiishi mijini. Nakubali hesabu. Lakini kijiji si rahisi kumfungukia mgeni asiyejua lugha, na mara nyingi anachoonyeshwa ni onyesho. Zaidi ya hapo, B. R. Ambedkar, aliyeongoza uandishi wa katiba na aliyejua kutoka utotoni maana ya kuitwa najisi, alilikataa wazo la kukitukuza kijiji, akikiona kuwa ngome ya matabaka. Kwake mji, pamoja na uchafu na dhuluma zake, ulikuwa mahali ambapo mtu aliyedharauliwa angeweza angalau kupotea katika umati na kupanda treni moja na Mbrahmani. Mitaa ya mji hubeba vijiji ndani yake, lakini huviweka karibu na vingine, na huo ukaribu ndio kitu ambacho kijiji hakiwezi kumwonyesha msafiri.

La tatu ni la kawaida: utaikosa Varanasi, utaikosa Taj Mahal. Taj utaikosa kweli, na ni hasara, sitaificha. Varanasi hainitishi, kwa sababu nayo ni ushahidi wangu. Mji huo unaotajwa kama kitovu cha Uhindu una Bengali Tola ya Wabengali, una Wahindi wa kusini karibu na Hanuman Ghat, una hekalu la Wanepali kando ya mto Ganga, na sari zake za hariri zinazovaliwa na maharusi wa Kihindu nchi nzima zimefumwa kwa sehemu kubwa na Waislamu wa koo za Ansari katika mitaa kama Madanpura. Anayekaa alfajiri mbili kwenye ngazi za mto huona moshi na taa. Anayekaa juma zima husikia vitanda vya kufumia.

Kwa mwenye majuma matatu, basi, ningependekeza Hyderabad na Kolkata, na katikati yao treni ya mchana kutwa na usiku inayopita pwani ya mashariki. Desemba na Januari ni miezi ya kutembea bila kuteswa na joto. Hyderabad aanze Charminar, aende Barkas kwa riksho asubuhi wakati hariis ingali moto, alasiri afike AC Guards na kuwaulizia wazee. Kolkata aanze Tiretta Bazaar na kumalizia Metiabruz, kwa sababu wachuuzi wa Kichina hufungua alfajiri na kufikia saa tatu asubuhi wengi wamekwisha kufunga. Kila mtaa apewe angalau siku nzima, na siku ya pili arudiwe, maana ni mara ya pili ndipo mwenye duka humkaribisha mtu ndani na kumweleza babu yake alitoka wapi.